Sauti Iliyopotea Oloipiri

Sogeeni karibu, wadogo zangu, leo tunatafuta sauti. Imepotea Oloipiri, kule tarafa ya Loliondo wilayani Ngorongoro, ndani ya nyumba ya bati yenye paneli mbili za sola juu ya paa. Picha ipo, tena inang'aa. Mpira umegonga mwamba, mashabiki wamesimama, mwamuzi ameweka filimbi mdomoni. Lakini chumba kizima kinasikia kengele za ng'ombe zizini, basi.

Watu wa hadithi hii nimewatunga mimi. Vifaa, waya na matundu ni vya kweli, na siku utakapovishika utavikuta kama nitakavyoeleza. Kwa hiyo sikiliza kwa masikio mawili, maana katikati ya hadithi nitakuhitaji uhesabu.

Kaka mkubwa amerudi kutoka Arusha. Basi limempitisha Karatu, likapanda ukingo wa kreta ya Ngorongoro, likateremka kwenye tambarare za Serengeti na kutikisika hadi Loliondo, vumbi likiingia kila penye upenyo. Alipofika alimwamkia koko kwanza, bibi yao, kisha wadogo zake wakamwinamishia vichwa naye akawagusa mmoja mmoja. Ndipo akafungua mkoba. Ndani mlikuwa na mashine ya gemu, PlayStation 4 ya mtumba, ile nyembamba iliyotoka mwaka 2016, pedi moja, waya mmoja mweusi, na monita ya inchi 22 iliyokuwa ya ofisi fulani mjini.

Kwa nini monita na si TV? Alifikiria vizuri. Ofisi zikibadilisha kompyuta, monita za zamani huuzwa kwa bei nafuu. Kioo chake ni safi, ukibonyeza kitufe mchezaji anaitika mara moja, na umeme inaokula ni kidogo, jambo kubwa kwa nyumba inayoishi kwa betri. Ningekuwa yeye ningenunua hiyohiyo. Ila monita ya ofisi imetengenezwa kwa ajili ya macho. Mhasibu anayejumlisha hesabu zake hahitaji kusikia tarakimu zikipiga kelele, hivyo aliyeitengeneza hakuiwekea spika.

Kaka akawasha. Akaweka FIFA 20, akachagua Genk ya Ubelgiji, timu ambayo Mbwana Samatta, kijana aliyekulia Mbagala, aliichezea kabla hajahamia Aston Villa Januari 2020 na kuwa Mtanzania wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya Uingereza. Samatta akakimbia, akapiga, bao! Watoto wakaruka. Halafu wakatulia na kutazamana. Bao gani hili lisilo na kelele?

Mdogo wa kiume akaanza kubonyeza kila kitu. Vitufe vya monita vinaongeza mwanga na kupunguza mwanga, cha sauti hakipo. Akatikisa waya. Akazima, akawasha. Jirani aliyekuja kutazama akatoa hukumu: "Monita imekufa hiyo. Rudisha."

Dada yao, wa darasa la sita, ndiye huchunga mbuzi siku za mapumziko. Akasema, "Kaka, mbuzi akipotea hatukimbii ovyo porini. Tunaanza pale alipoonekana mara ya mwisho, tunafuata nyayo. Sasa sauti mara ya mwisho ilikuwa wapi?"

Hilo ndilo swali, wadogo zangu. Ukilishika hilo, waya wowote duniani hautakutisha.

Sauti mara ya mwisho ilikuwa ndani ya mashine ya gemu. Humo ndimo inamotengenezwa, nayo haiko katika hali ya kelele bado. Ni namba. Kila sekunde mashine inatoa namba 48,000 kwa ajili ya sikio la kushoto na 48,000 nyingine kwa ajili ya sikio la kulia. Kila namba inasema jambo dogo tu: kwa sasa hivi, spika isogee mbele kiasi gani au irudi nyuma kiasi gani. Spika ikizitii zote kwa mpangilio, hewa inatikisika, na wewe unasikia filimbi. Kwa hiyo pale nyumbani kwa koko sauti ilizaliwa vizuri. Imepotea njiani.

Njia ni ule waya mweusi. Dada akauchomoa na kuutazama ncha zote mbili kwa tochi ya simu, na hapa ndipo mambo yalipoanza kueleweka, kwa sababu ncha hazifanani.

Ncha iliyotoka kwenye PlayStation ni ndogo, bapa, pembe zake za chini zimekatwa. Ukichungulia ndani utaona vipande vya shaba vilivyopangwa safu mbili. Vihesabu: ni 19. Hiyo ni HDMI. Ncha iliyoingia kwenye monita ni pana, nyeupe, ina sindano nyingi na ulimi mmoja bapa pembeni, na skrubu mbili za kuikaza. Hiyo ni DVI. Pembeni yake, mgongoni mwa monita, kulikuwa na tundu jingine la buluu lenye vitobo 15, safu tatu za vitano vitano. Hilo ni VGA.

Matundu haya matatu yana umri, na umri wake ndio unaoeleza kila kitu. VGA ilikuja mwaka 1987 na kompyuta za kampuni ya IBM. Kompyuta hizo ziliweza kutoa mlio mmoja mwembamba kutoka kwenye spika ndogo iliyofichwa ndani ya boksi lake, kwa hiyo hakuna aliyewaza kupeleka sauti kwenye kioo. DVI ikaja mwaka 1999, ikiwa bora zaidi kwa picha maana inazipeleka rangi kama namba, lakini bado ilikuwa ya macho peke yake. Ndipo Desemba 2002 kampuni saba, zikiwemo Sony, Panasonic, Philips na Toshiba, zikatoa HDMI, waya wa nyumbani uliobeba picha ya namba na sauti kwa pamoja katika plagi moja.

Sasa nataka niwaonyeshe walipoificha sauti ndani ya HDMI, kwa sababu mimi kila nikiifikiria naipenda upya.

Mnaikumbuka TV ya chogo? Ile nzito, yenye mgongo mrefu, ambayo wawili huibeba. Nyuma ya kioo chake mna mwale unaochora picha mstari kwa mstari, kutoka kushoto kwenda kulia, kutoka juu kwenda chini. Mwale ukifika mwisho wa mstari lazima urudi kushoto kuanza mwingine, na katika kurudi huko hauchori kitu. Ukifika chini kabisa lazima upande hadi juu, na huko nako hauchori kitu. Kwa hiyo ndani ya kila picha kulikuwa na vipumziko, sehemu tupu ambazo jicho haliwezi kuziona. Zilipokuja TV bapa, mwale ukaondoka. Vipumziko vikabaki, maana mitambo yote ilikwisha kuvizoea.

Tuhesabu. Picha nzuri ya HDMI ina nukta 1,920 kwa kila mstari na mistari 1,080. Hizo ndizo unazoziona. Lakini waya unapitisha nafasi 2,200 kwa kila mstari, na mistari 1,125 kwa kila picha. Toa mwenyewe: nafasi 280 kwenye kila mstari na mistari 45 kwenye kila picha ni tupu. Na picha zinakwenda 60 kila sekunde. Zidisha 1,125 kwa 60, unapata mistari 67,500 kwa sekunde, na kila mmoja una kipumziko chake. Sauti yetu inahitaji namba 48,000 kwa sekunde kwa kila sikio. Unaona? Kila kipumziko kina nafasi 280, kwa hiyo utupu ni mwingi kuliko mahitaji. Wahandisi wa HDMI wakaichukua sauti, wakaikata vipande vidogo, wakaipachika mle ndani ya utupu ulioachwa na TV ya chogo. Filimbi ya mwamuzi inasafiri katika nafasi ambazo mwale wa zamani ulizitumia kurudi kushoto.

Waya wa DVI nao una vipumziko hivyohivyo. Kwa sheria za DVI vinakwenda vitupu. Ndiyo maana muuza duka aliweza kumuuzia kaka waya wenye HDMI upande mmoja na DVI upande wa pili bila kifaa chochote katikati: lugha ya picha ni ileile. Sauti tu ndiyo iliyokosa mahali pa kushukia.

"Kwa hiyo sauti imefika kwenye monita ikakuta mlango umefungwa?" kaka akauliza.

Hapana, haikufika hata huko. Unapochomeka waya, mashine na monita husalimiana kwanza. Ndani ya monita kuna kumbukumbu ndogo inayoshika maelezo yake: mimi ni nani, ninaweza kuonyesha picha za ukubwa gani, na kama ninapokea sauti au la. PlayStation inatuma umeme wa volti 5 kupitia waya huohuo, kumbukumbu inaamka hata monita ikiwa imezimwa, na majibu yanarudi. Monita ya ofisi ikajibu kwa ukweli: sauti sipokei. Basi PlayStation ikapeleka picha peke yake. Hakuna kilichoharibika. Jirani aliyesema monita imekufa aliihukumu bila kuisikiliza.

Nyayo zimetufikisha hapo: sauti bado imekaa ndani ya PlayStation, inasubiri njia nyingine ya kutokea. Dada akaizunguka mashine akitafuta matundu. PlayStation 4 ya kwanza, ile ya mwaka 2013, ina tundu mgongoni linalotoa sauti kwa mwanga mwekundu kupitia waya maalumu. Hii nyembamba haina. Tundu la waya wa intaneti lipo, matundu ya USB yapo, lakini la sauti halipo. Akaichukua pedi, akaigeuza. Chini yake, katikati, pana tundu la duara la kuchomekea hedifoni.

Hapo ndipo penye sauti, na wengi wanaocheza kila siku hawapajui.

Pedi ya PlayStation 4 inapokea sauti kutoka kwenye mashine bila waya na kuitoa kwenye tundu hilo. Ukichomeka hedifoni kwa mara ya kwanza unaweza usisikie gemu, kwa sababu mashine inadhani unataka kuzungumza tu na wachezaji wenzako. Ingia kwenye mipangilio, sehemu ya vifaa, kisha vifaa vya sauti, utafute mahali panapohusu hedifoni, na uchague sauti zote zitoke huko. Hapohapo ongeza kiwango cha sauti. Dada akafanya hivyo, akavaa hedifoni za simu, akacheka peke yake. Uwanja mzima wa Genk ulikuwa masikioni mwake.

Lakini nyumba ina watu saba na hedifoni zina masikio mawili. Kuna sabufa ukutani, ile wanayosikilizia redio. Mgongoni mwake mna matundu mawili, jekundu na jeupe. Jeupe ni kushoto, jekundu ni kulia. Nyumba yoyote yenye king'amuzi inazijua rangi hizi, pamoja na ya njano, ambayo ni ya picha. Kaka akautoa waya wa AV wa king'amuzi: upande mmoja una plagi tatu za rangi, upande wa pili una pini moja kama ya hedifoni. Akaichomeka pini kwenye pedi, nyekundu na nyeupe kwenye sabufa. Upande wa kushoto ukaimba. Upande wa kulia, kimya.

Chukua pini yoyote uitazame kwa karibu kabisa. Utaona mikanda myeusi imeizunguka. Pini ya kawaida ya sauti ina mikanda miwili, inayokigawa chuma vipande vitatu: ncha ni kushoto, kipande cha kati ni kulia, na shina ni njia ya kurudi ambayo wote wawili wanaitumia. Pini ya waya wa king'amuzi ina mikanda mitatu na vipande vinne, kwa sababu inabeba na picha. Na hapa viwanda havikukubaliana. Vingine viliweka picha kwenye shina, vingine vikaiweka kwenye kipande cha pili, palepale ambapo hedifoni inategemea kulia. Waya wa kaka ulikuwa wa aina hiyo ya pili. Sauti ya kulia ilikuwa inatoka, ila inatokea kwenye plagi ya njano.

Dada akachomoa nyekundu, akaweka njano mahali pake. Sabufa ikajaa.

Rangi ni rangi tu, wadogo zangu. Ni plastiki iliyopakwa ili mtu asipotee. Shaba iliyo ndani haijui kama imevalishwa njano au nyekundu, inapitisha kinachoingia. Bado ushauri wangu ni kutafuta waya wake halisi, wenye pini ya mikanda miwili upande mmoja na plagi nyekundu na nyeupe upande wa pili. Ni rahisi na unapatikana kwenye karibu kila duka la vifaa vya umeme. Kila unapounganisha, shusha sauti ya sabufa hadi chini, kisha ipandishe taratibu, maana mshindo wa ghafla unaweza kupasua spika na kuumiza masikio.

Walicheza hivyo kwa muda. Njia ya pedi ina kero zake. Pedi inafungwa na waya, mchezaji akishangilia bao anavuta sabufa, na chaji inakwisha upesi. Njia ninayoipenda zaidi ni kuiwahi sauti kabla haijaachwa nyuma: katikati ya PlayStation na monita unaweka boksi dogo, kubwa kidogo kuliko kiberiti, ambalo mafundi wanaliita ekstrakta ya sauti ya HDMI. Linapokea HDMI, linachungulia ndani ya vile vipumziko, linaokota namba za sauti, linazigeuza kuwa umeme ambao sabufa inauelewa, kisha picha linaiacha iendelee na safari.

Kaka alimwagiza rafiki yake wa Arusha, boksi likaja na basi. Wakaliunganisha: kimya tena! Hapa wengi hukata tamaa na kulitupa. Kumbuka salamu. Boksi lilikuwa linapitisha majibu ya monita kama yalivyo, na monita bado inajibu kwamba sauti haipokei, kwa hiyo PlayStation haikupeleka sauti na boksi halikuwa na cha kuokota. Ubavuni mwa maboksi mengi ya namna hii kuna swichi ndogo yenye nafasi tatu. Iliyoandikwa PASS inapitisha majibu ya monita. Iliyoandikwa 2CH inafanya boksi lijibu lenyewe: napokea sauti, njia mbili. Dada akaisogeza swichi kwa ukucha hadi 2CH, akachomoa waya na kuuchomeka upya ili wasalimiane tena. Sauti ikaja. Kwenye mipangilio ya sauti ya PlayStation akachagua Linear PCM, ambazo ni namba tupu zisizofungwa kwa namna ambayo boksi dogo haliwezi kufungua.

Kama monita yako ina tundu la VGA peke yake, utahitaji adapta ya kugeuza HDMI kuwa VGA. Chagua yenye tundu dogo la sauti ubavuni, hilo ndilo litakalokwenda kwenye sabufa. Na kama monita yako ni mpya kidogo, yenye HDMI, igeuze uitazame kabla hujanunua kitu. Nyingi zina tundu lenye alama ya hedifoni: hapo sauti inatoka, chomeka sabufa umemaliza. Usilichanganye na tundu la kuingiza sauti, ambalo hukaa kwenye monita za zamani zenye spika zake ndogo. Yanafanana kama mapacha, moja linatoa na jingine linapokea.

Wapo watakaoniuliza habari za mashine nyingine. PlayStation 3, ya mwaka 2006, ni rahisi kuliko ya nne: ina HDMI na tundu la waya wa AV kwa pamoja. Picha ipite HDMI, na kwenye mipangilio ya sauti uiambie itoe sauti kwa AV. Nyekundu na nyeupe kwenye sabufa, njano iachwe inaning'inia. Xbox 360 ilikuwa na waya wake maalumu wa VGA wenye plagi nyekundu na nyeupe pembeni. PlayStation 2, mama wa vibanda vya gemu, iliyouzwa zaidi ya milioni 150 duniani tangu mwaka 2000, taabu yake ni picha: inachora kwa mwendo wa TV ya chogo, mistari 15,625 kwa sekunde, wakati monita nyingi za VGA zinataka kama 31,500. Itahitaji boksi la kuigeuza picha. Sauti yake haina tatizo lolote, nyekundu na nyeupe moja kwa moja kwenye sabufa, na monita haihusiki.

Sasa turudi kwa koko, kwa sababu sauti imepatikana lakini haijawa safi. Chini ya kelele za mashabiki kulikuwa na mngurumo, vuuuu, usiokatika hata gemu ikisimamishwa. Kwenye nyumba za sola mngurumo huo ni wa kawaida, na mara nyingi unatoka kwenye inveta. Umeme wa gridi unapanda na kushuka taratibu, mara 50 kwa sekunde. Inveta ya bei nafuu inaruka juu na chini ghafla, ngazi kwa ngazi, na sabufa inazigeuza ngazi hizo kuwa kelele.

Kaka akatazama mgongo wa sabufa, akaona imeandikwa AC/DC, volti 12. Sabufa za namna hiyo zinaweza kula betri ya sola moja kwa moja bila kupitia inveta. Akamwita fundi wa sola aiunganishe kwa waya wenye fyuzi, na mngurumo ukapungua sana. Kazi hiyo iache kwa fundi: inveta inatoa volti 230, sawa na umeme wa TANESCO wa majumbani. Wewe unachoweza kufanya ni kutenganisha waya wa sauti na nyaya za umeme zisilale pamoja, na kufuta vumbi kwenye plagi kwa kitambaa kikavu. Vumbi la barabara ya Loliondo linaingia kwenye plagi na kufanya sauti ikwaruze.

Na betri itavumilia muda gani? PlayStation nyembamba inakula kama wati 80 gemu ikiwa moto, monita 25, sabufa 15. Jumla 120. Betri ya volti 12 yenye amp-saa 100 ina wati-saa 1,200, na ukitaka idumu usiimalize zaidi ya nusu. Nusu ni 600, gawanya kwa 120, ni saa 5. Inveta nayo inakula chake, kwa hiyo hesabu 4, na taa na simu za nyumba nzima zinaingia humohumo.

Koko alikuwa amekaa kimya muda wote akiwasikiliza.

"Hilo boksi," akasema, "linaweza na king'amuzi?"

"Linaweza, koko," dada akajibu. King'amuzi chao kina HDMI. Wakaagiza selekta, kifaa chenye matundu matatu ya kuingilia na moja la kutokea. PlayStation kwenye la kwanza, king'amuzi kwenye la pili, selekta kwenye boksi la sauti, boksi kwenye monita na sabufa. Kitufe kimoja kinachagua. Ikifika saa mbili kasoro dakika tano usiku koko hukibonyeza mwenyewe, hata kama zimebaki dakika mbili za mechi na Samatta yuko peke yake na kipa.